Kuzunguka angani na mwalimu wa ndege: maulizo ya kuuliza mbele ya kulipa

Kwa wakaaji wa Beni na Butembo, ndege ndogo si kitu cha starehe. Wengi wanaipanda Mavivi ao Rughenda juu ya kukwepa barabara yenye hatari. Wanafunga mkaba, wanaomba Mungu, wanangoja kushuka. Lakini kuna watu wanaolipa ndege ili wazunguke tu angani, kisha warudi pale pale walipotokea.

Jambo hilo linafanyika hata kwa jirani zetu. Uganda, wanakoenda wafanyabiashara wetu wanaovuka Kasindi, kuna kiwanja kidogo cha Kajjansi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Kenya, kiwanja cha Wilson mjini Nairobi kina shule nyingi za urubani. Mgeni asiyejua kuendesha anaweza kulipia safari fupi pamoja na mwalimu wa pale.

Safari inaendaje?

Mara nyingi ndege ni Cessna 172, aina inayotengenezwa tangu miaka ya 1950. Ina moteri moja na viti vinne. Mbele kuna usukani mbili: mmoja wa mwalimu, mwingine wa mwanafunzi. Mbele ya kuruka, mwalimu anazunguka ndege kwa miguu, anaangalia mafuta, magurudumu na mabawa. Wakifika juu, anaweza kumwachia mgeni usukani kwa dakika chache. Lakini mwalimu ndiye mkubwa wa ndege toka mwanzo mpaka mwisho. Akisema « niachie », mgeni anaachia palepale.

Nani ana haki ya kupokea pesa?

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Kufuatana na kanuni za kimataifa, mtu anaweza kupata ruhusa ya rubani binafsi akiwa na saa 40 hivi za kuruka. Ruhusa hiyo haimpi haki ya kubeba watu kwa malipo. Rubani wa kulipwa anaombwa saa 200, ao 150 kama alisoma bila kukatiza katika shule inayokubaliwa. Kwa hiyo, mtu akikutana nawe hotelini na kusema atakurusha kwa bei nafuu, muulize ruhusa yake ni ya aina gani. Uliza pia kama ndege ina asiransi inayohusu abiria. Mwenye kazi safi hatakasirika.

Kwa nini wanakupima kilo?

Usione haya ukiambiwa upande kwenye mzani. Cessna 172 haipaswi kuruka ikipita kilo 1,100 na kidogo, na hapo unahesabu ndege yenyewe, mafuta, watu na mizigo. Mafuta yakijaa, watu wanne wanene hawawezi kwenda pamoja. Tena kwenye nchi za juu kama huku kwetu, hewa ni nyepesi: ndege inahitaji pisti ndefu zaidi ili iinuke.

Na mawingu yakija?

Asubuhi ni bora, juu hewa imetulia. Jua likipanda, upepo unaanza kusukasuka ndege ndogo. Mwalimu akikataa kuruka, usimsukume kwa kumwambia kwamba umelipa, ao kwamba kesho unarudi nyumbani. Mbele ya kutoa pesa, uliza: hali ya hewa ikiharibika, nitarudishiwa pesa ao nitapewa siku nyingine? Jibu hilo linampa rubani uhuru wa kusema hapana.

Somo kwa huku kwetu

Maulizo haya si ya watalii tu. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo iliyokuwa inakuja Beni ilianguka mtaa wa Mapendo, Goma, dakika chache tu baada ya kuruka. Zaidi ya watu 20 walikufa. Na tangu 2006, Umoja wa Ulaya umeweka makampuni ya ndege ya Kongo kwenye orodha ya zile zisizoruhusiwa kuruka kwake.

Anayezunguka angani kwa furaha anaweza kuahirisha mpaka kesho. Abiria wa Mavivi, mwenye mgonjwa ao mazishi yanayomngoja, hana nafasi hiyo. Lakini mizigo ipimwe, yake pamoja na ya wengine. Na rubani akisema ukungu ni mzito, tumuache angoje. Kuchelewa kunaudhi, lakini kunatufikisha.