Kwa nini seli huzeeka?

Wagonjwa wengi huniuliza kama vidonge vya "kurudisha ujana" vinavyouzwa mjini vinafanya kazi.

Mnamo 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Philadelphia, Marekani, walikuza seli za binadamu kwenye chupa za maabara. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba seli zikilishwa vyema zitagawanyika milele. Hizi ziligawanyika takriban mara 50, zikakoma. Hazikufa; zilibaki hai bila kuzaana. Ajabu ni kwamba zile zilizogandishwa kwanza, zilipoyeyushwa ziliendelea na hesabu pale zilipoachia!

Sababu ni kuwa ncha za kromosomu, yaani telomea, hufupika kila seli inapogawanyika. Mwaka wa 1998 watafiti walizirefusha kwa kimeng'enya na seli zikaendelea kugawanyika. Lakini usikimbilie dukani, msomaji. Seli nyingi za saratani hutumia kimeng'enya hicho hicho ili zisikome. Isitoshe, seli za chupani hazina ini wala figo za kudhurika.

Ikiwa unatumia dawa za presha au kisukari, mwonyeshe daktari wako vidonge hivyo kabla ya kuvimeza.