Kijana Akiuliza Habari za Rangi

Kijana wa pwani akifika Macalder, kule Migori, ataona machimbo ya shaba ya zama za ukoloni, na atauliza Wazungu walitutendaje. Ajibiwe kwa hesabu. Mwaka 1948 tume ya Holmes ilipendekeza Mwafrika na Mhindi walioajiriwa serikalini walipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu, kazi ikiwa ile ile. Hadi ripoti ya Lidbury, 1954, ilipoipinga kanuni hiyo.

Lakini kijana huyo huyo hutusikia barazani tukisema "mtu wa bara" kwa kubeza! Imepokewa kuwa Abu Dharr alimtusi mtu kwa ajili ya mamaye, na Mtume (S.A.W.) akamkemea kuwa bado ana ujahili. Mimi wanangu niliwaanzia hapo, Holmes akafuata.