Mama Aliyebaki Nyumbani

Wengi wetu tulilisoma shuleni jina la Kapteni James Cook, baharia Mwingereza aliyechora ramani ya New Zealand na ya pwani ya mashariki ya Australia. Jina la mkewe hatukulisoma. Basi akina mama, mwezi huu tuyatazame maisha ya bwana huyo tukiwa tumekaa upande wa nyumbani kwake.

MTOTO WA KIBARUA

Cook alizaliwa mwaka 1728 huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kibarua wa shambani. Kijana alijaribu kazi ya duka, akaiacha, akajifunza ubaharia katika meli za makaa ya mawe. Mwaka 1755 aliingia Jeshi la Wanamaji kama baharia wa kawaida. Ustadi wake wa kupima pwani na kuchora ramani ndio uliompandisha cheo.

Desemba 1762 alimwoa Elizabeth Batts, binti wa miaka 20, wakakaa mashariki ya London. Walijaliwa watoto sita.

HEKIMA YA CHAKULA

Siku zile ugonjwa wa kiseyeye uliua mabaharia wengi katika safari ndefu. Cook alisisitiza usafi na mboga za majani, tena alipakia kabichi iliyochachishwa. Mabaharia wakaikataa. Akaagiza iwekwe kila siku mezani kwa maofisa. Walipoona wakubwa wanaila, nao wakaitaka! Mama aliyewahi kulisha mtoto mkaidi anaijua mbinu hiyo.

HESABU YA NYUMBANI

Agosti 1768 Cook aliondoka na meli ya Endeavour. Nyuma yake mtoto mchanga Joseph alifariki. Binti yao wa miaka minne naye alifariki mwaka 1771, miezi michache kabla baba hajarudi mwezi wa Julai. Julai 1772 akaondoka tena. George, aliyezaliwa mwezi huohuo, hakumaliza mwaka. Cook alirudi Julai 1775, na Julai 1776 akaondoka mara ya tatu akimwacha Hugh ananyonya. Katika miaka hiyo minane, alikaa nyumbani kama miaka miwili tu. Makaburi ya watoto hao watatu mama alisimama peke yake.

Tarehe 14 Februari 1779, huko Hawaii, Cook alijaribu kumshika mfalme wa kisiwa ili arudishiwe mashua iliyoibwa. Watu wakamtetea mfalme wao, na katika ghasia hiyo Cook akauawa. Habari zilifika London Januari 1780, karibu mwaka mzima baadaye. Elizabeth alikuwa akimtarizia mumewe kizibao cha kitambaa cha magome ya mti kutoka Tahiti. Hakukimaliza. Hadi leo kimehifadhiwa Sydney, Australia, vilevile alivyokiacha.

Msiba haukuishia hapo. Oktoba 1780 Nathaniel, kijana wa miaka 15, alizama na meli yake katika kimbunga. Desemba 1793 Hugh alifariki kwa homa akiwa masomoni Cambridge. Mwezi uliofuata James, mtoto wa kwanza, akafa majini.

Elizabeth aliishi hadi mwaka 1835, akafariki akiwa na miaka 93. Alikuwa mjane kwa miaka 56. Kabla ya kufa alizichoma barua za mumewe; maneno yao wawili hakutaka yasomwe na wengine.

Msomaji mpendwa, wako kati yetu ambao waume zao wako mbali kikazi: melini, migodini, jeshini, safarini na malori. Mshahara unaonekana na sifa zinasikika, lakini usiku wa mtoto mgonjwa hauna nishani. Bwana akirudi, usimpe habari za ada na mabati peke yake. Mweleze pia usiku ule. Naye akuulize, akusikilize, maana hiyo nayo ni safari, na wewe ndiye nahodha wake.