Kutengeneza Divai ya Zabibu Nyumbani

Mkoani Dodoma mzabibu huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na zabibu zikishaiva hazingoji. Mkulima asiyepata mnunuzi kwa wakati huziona zikioza mbele ya macho yake. Baadhi yao hujaribu kujitengenezea divai, na wengi huishia kupata siki. Inafaa basi tueleze sababu zake.

Maji ya zabibu hugeuzwa kuwa divai na chachu, kijiumbe kisichoonekana kwa macho matupu. Chachu hula sukari, ikatoa alkoholi na hewa ya kabonidioksidi. Kwa kadiri, gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya alkoholi. Hivyo maji yenye gramu 200 kwa lita yatatoa divai ya karibu asilimia 12. Lita hiyo hiyo moja hutoa pia zaidi ya lita 50 za hewa! Msomaji ataelewa kwa nini chombo kilichozibwa kabisa hupasuka.

Kwa anayeanza, kilo 10 zinatosha. Zitampa yapata lita 6. Achague zabibu zilizoiva barabara, atupe zilizooza, aondoe vikonyo, kisha azipondeponde kwa mikono safi bila kuvunja kokwa, kwani kokwa zikivunjika huleta uchungu. Ndoo iwe ya plastiki ya kuwekea chakula, isijazwe zaidi ya robo tatu. Vyombo vya bati au shaba havifai, maana asidi ya zabibu huyeyusha madini yake. Chachu maalumu ya divai ndiyo bora. Hamira ya mkate nayo hufanya kazi, ila ladha yake hubaki kinywani na divai huchelewa kutakata.

Ndoo ifunikwe kwa kitambaa safi. Baada ya siku moja au mbili maganda yatapanda juu yakafanya tabaka nene. Yazamishwe mara mbili kila siku, kwani rangi ya divai nyekundu hutoka katika maganda, na yakiachwa yakauke juu huota ukungu.

Jambo linalowaponza wengi ni joto. Vitabu vya Ulaya, nilikosomea, huandikwa kwa ajili ya nchi ambako zabibu huvunwa majira ya baridi yakikaribia, navyo humfundisha msomaji namna ya kuipasha ndoo moto. Sisi tunahitaji kinyume chake. Chachu yenyewe huzalisha joto, na likipita nyuzi 35 za sentigredi hudhoofika au hufa, ikaacha sukari ambayo bakteria huifaidi. Zungushia ndoo gunia lililoloweshwa maji. Katika hewa kavu ya Dodoma maji hayo hukauka upesi na kuchukua joto, kama ufanyavyo mtungi wa maji ya kunywa. Chumba kiwe na madirisha wazi, kwa kuwa kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini, na imepata kuua watu katika maghala ya divai.

Baada ya siku tano hadi saba, kamua kwa kitambaa na umimine katika chupa kubwa ya kioo. Toboa kizibo, pitisha mpira mwembamba, na ncha yake ya nje uizamishe katika kikombe cha maji. Hewa itatoka, wala ya nje haitaingia. Hapa ndipo siki huzuiwa, kwani bakteria wanaogeuza alkoholi kuwa siki hawawezi kazi hiyo bila oksijeni. Kwa sababu hiyo hiyo chupa ijazwe hadi shingoni.

Mapovu yakikoma, na ulimi usipoonja utamu tena, iache itulie wiki kadhaa. Kisha uihamishe kwa mpira, ukiacha masimbi chini. Mwenye haraka akiitia katika chupa ndogo ingali na utamu, ataamshwa usiku na mlio wa vioo. Divai nyekundu changa huwa kali. Ikingoja miezi sita mahali penye giza na ubaridi hulainika.