Maumivu ya ubavu si ngiri wala chango kila mara

Dodoma. Maumivu huanza ubavuni, karibu na mgongo, kisha hushuka hadi kinenani. Mgonjwa hatulii, akilala hapati nafuu, akikaa vilevile. Baada ya saa kadhaa yanakatika. Nyumbani wanasema ni ngiri, na akiwa mwanamke au mtoto wanasema ni chango. Dawa ya mizizi inachemshwa, maisha yanaendelea.

Hapo ndipo penye hatari. Maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa ya jiwe lililokwama kwenye ureta, mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Upana wake ni milimita chache tu. Jiwe likiuziba, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba. Maumivu yanaweza kuisha huku jiwe likiwa bado lipo na figo ikiharibika kimyakimya.

Katika jua la Dodoma, anayetoka jasho kutwa bila kunywa maji ya kutosha hupata mkojo mzito, na humo mawe huanza. Watoto nao hawasalimiki.

Kipimo cha mkojo, ultrasaundi au CT huonyesha tatizo. Jiwe la chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, chini ya uangalizi wa daktari. Lisipotoka, hufanyika upasuaji wa endoskopi. Mgonjwa akiwa usingizini au amechomwa ganzi, daktari hupitisha kifaa chembamba chenye kamera kwenye njia ya mkojo, kikavuka kibofu hadi ndani ya ureta. Tumbo halichanwi. Akikuta jiwe, hulivunja kwa leza. Akikuta uvimbe, huchukua kipande kidogo kwa ajili ya kupima.

Mara nyingi huachwa ndani mrija mdogo wa muda, unaoitwa stenti, ili mkojo upite. Ukisahaulika kwa miezi mingi, nao huota mawe. Familia iandike tarehe ya kwenda kuutoa, hata kama mgonjwa anajisikia mzima.

Maumivu ya ubavu yakiambatana na homa na kutetemeka, au mkojo ukikata, usisubiri kuche. Mjamzito na mwenye figo moja nao wawahi.

Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini hapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Lakini upandikizaji huhitaji ndugu wa kutoa figo yake. Mrija ukizibuliwa mapema, huenda asihitajike.