Mita 60 za Ukingo: Sheria ya Maji na Mwenye Shamba Kando ya Mto Mara

Mto Mara, unaochimbuka katika misitu ya Mau nchini Kenya na kusafiri takribani kilomita 395 kabla ya kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma, ukishatoka katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hutenganisha wilaya za Tarime na Serengeti. Katika wilaya hizo shamba la kando ya mto, au la kando ya vijito vinavyoulisha kama Tigithe na Somoche, lina thamani kuliko la mlimani, kwa sababu udongo wake hushika unyevu hata kiangazi, mboga hustawi, na mifugo hainyweshwi mbali. Ukanda huo wenye rutuba ndio ambao sheria za Tanzania zimekuwa zikiuingia hatua kwa hatua.

Sheria ya Matumizi ya Maji ya mwaka 1974 ilishughulika hasa na maji yenyewe, yaani nani ayachote, kiasi gani na kwa kibali gani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitoka majini na kupanda ukingoni, ikaiingiza ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto katika kundi la ardhi hatarishi, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikaza zaidi kwa kupiga marufuku, ndani ya mita hizo 60, shughuli yoyote ya kudumu au ambayo kwa asili yake yaweza kudhuru hifadhi ya mto, ziwa au bwawa. Hivyo Bwawa la Manchira, linalohudumia mji wa Mugumu, nalo limo. Hatimaye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilimpa Waziri mamlaka ya kutangaza maeneo tengefu ya vyanzo vya maji kupitia Gazeti la Serikali, na maeneo hayo yanaweza kuvuka mita 60.

Uzito wa kipimo hicho huonekana kinapohesabiwa shambani. Shamba linalopakana na mto kwa urefu wa mita 100 huwa na mita za mraba 6,000, sawa na takribani ekari moja na nusu, ndani ya ukanda wa hifadhi. Kwa familia yenye ekari tatu, hiyo ni nusu ya shamba lote. Aidha, kipimo hakitofautishi mto mkubwa na kijito, kwa hiyo kijito ambacho mtoto hukiruka kwa hatua moja huchukua mita 60 kila upande, yaani hekta 12 kwa kila kilomita moja ya mkondo wake.

Swali ambalo wenye mashamba huliuliza kwanza ni la fidia, na jibu lake limo katika tofauti kati ya kutwaa ardhi na kudhibiti matumizi yake. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwananchi hushika haki ya kuitumia, ambayo vijijini huitwa hakimiliki ya kimila. Serikali inapoitwaa haki hiyo, Ibara ya 24 ya Katiba na Sheria ya Ardhi zinataka fidia ilipwe, na Sheria ya Ardhi inasisitiza kuwa iwe kamili, ya haki na ya haraka. Masharti ya mita 60, hata hivyo, hayamwondolei mtu hakimiliki yake. Yanamzuia tu kufanya baadhi ya mambo juu yake, na kwa kawaida zuio la namna hiyo halihesabiwi kuwa utwaaji. Mwenye shamba hujikuta, basi, ana ardhi kwenye karatasi na hana kwenye jembe.

Sababu za kuuhifadhi ukingo ni za kweli. Mizizi ya matete na miti ya asili hushika udongo, na majani yake huchuja tope na samadi kabla ya mvua kuvifikisha mtoni. Mwezi Machi 2022 maji ya Mara yalipobadilika rangi na samaki kufa, kamati iliyoundwa na Serikali ilitaja kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza kuwa vilipunguza oksijeni majini, maelezo ambayo wengi waliyapinga. Mlima wa lawama, lakini, hauko kwa mfugaji na mkulima peke yao: mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi wa North Mara, ulioko Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kutokana na uchafuzi wa bwawa lake la maji taka.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilichagua njia nyingine. Kanuni zake za rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30, upana wake ukitegemea upana wa mto. Kipimo kinachofuata ukubwa wa mto ni rahisi kukubalika, ingawa kina kazi zaidi ya upimaji. Kipimo kimoja kwa mito yote ni rahisi kukitangaza lakini kigumu kukisimamia, kwa kuwa ukingo wenyewe husogea mto unapofurika na kupungua.

Sheria ya Tanzania, hata hivyo, ina nafasi ambayo haijatumiwa vya kutosha. Kwa kuwa kinachokatazwa ni shughuli za kudumu au zenye madhara, mwenye shamba anaweza kutundika mizinga ya nyuki, kukata majani ya mifugo, au kupanda miti rafiki wa maji badala ya mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaoandaliwa chini ya sheria ya mwaka 2007, unaweza kuuchora ukanda huo kwenye ramani, na jumuiya za watumia maji, zikishirikiana na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, zikakubaliana na wanakijiji mahali pa kunyweshea ng'ombe ili ukingo wote usikanyagwe. Jambo la kwanza kabisa ni kuonyesha ukanda huo kwenye hati ya hakimiliki ya kimila tangu inapotolewa, ili mnunuzi wa ekari tatu za kando ya Tigithe ajue, kabla ya kuhesabu fedha, ni ekari ngapi atakazolima.