Raga ya Watu Saba

Mwaka 1977, raga ya Kenya ingali ikihesabiwa mchezo wa Wazungu, vijana wa Kiafrika jijini Nairobi waliunda klabu yao, Mwamba. Hawakucheza kwa mshahara. Humo ndimo alimotoka Collins Injera, na tarehe 17 Aprili, 2016, huko Singapore, Kenya iliwalaza Fiji 30 kwa 7.

Wasomaji wetu wa visiwani wazingatie: waliokuwa wakiogopwa na dunia nzima ni wanavisiwa.

Mchezo huu wataka watu saba, dakika saba kila kipindi, na uwanja wa nyasi. Hayo hata Kilimarondo, kule Nachingwea, hayakosekani. Kinachokosekana ni mwalimu. Twawaomba wakuu wa michezo wampeleke. Semina zaweza kungoja.